Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama, Chake Chake

Assalaam alaykum ndugu wauguzi na wakunga,

Ya fedha nitayafikia. Nianze na Profesa wetu, mlezi wa chama, ambaye mwaka huu amestaafu kusomesha. Jina lake mnalijua. Ameniomba nisiliandike, nami bado namuogopa kama nilivyomuogopa nikiwa mwanafunzi wake.

Waliopita mkononi mwake wanakumbuka: hakuna alama za mazoezi mpaka ukakae barazani kwa mgonjwa, ujue maji yanachotwa wapi na nani anapika. Mimi alinipeleka Kojani kwa mashua, mvua inanyesha, kwa mzazi wa siku tatu. Nikajaza kurasa za joto, presha na mapigo ya moyo. Alipomaliza kusoma akaniuliza mama yule jana usiku kala nini. Sikuwa na jibu. Kesho yake nikarudi Kojani, kwa nauli yangu.

Utafiti wake nao ulianzia barazani. Kichocho sisi tunakijua kwa mkojo wa damu wa watoto wanaooga mitoni na kwenye mabwawa. Yeye alikuwa akiwasikiliza wanawake wazima: maumivu ya chini ya kitovu, damu baada ya tendo la ndoa, uchafu usiosikia dawa. Mayai ya kichocho yakikwama kwenye shingo ya kizazi, dalili zake hufanana na za magonjwa ya zinaa. Mke anapewa antibiotiki, anarudi, anapewa tena. Mume anaanza kuhoji. Ndoa inavunjika, na chanzo ni konokono wa mtoni anayebeba minyoo ya kichocho! Profesa alitufundisha tuulize kwanza mama huyu alipokuwa mdogo alikuwa akifua na kuoga wapi. Prazikwanteli, dawa ya kichocho, inaua minyoo hiyo, lakini makovu yaliyokwisha kujijenga ni vigumu kuyaondoa, ndiyo maana aling'ang'ania wasichana watibiwe mapema.

Somo lake la kwanza kila mwaka lilikuwa utafiti wa hapa Pemba uliochapishwa 2006, kuhusu vidonge vya kuongeza damu, yaani vya madini ya chuma na foliki. Watoto wadogo waliopewa kila siku, penye malaria nyingi, walilazwa na kufariki zaidi kuliko wasiopewa. Shirika la Afya Duniani likarekebisha ushauri wake. Alitaka tulijue hilo kabla hatujashika sindano.

Sasa ya chama. Mikutano minne ilipangwa, tumekaa mitatu. Wa nne uliangukia siku za mwisho za Ramadhani, na kosa la kupanga ni langu. Mashine moja ya presha imeharibika, hatujapata fundi. Ada inasuasua. Wanaodaiwa hawatatajwa leo, ila mweka hazina anayo orodha na kalamu nyekundu. Profesa kalipa yake mwezi wa kwanza, ingawa walezi hawadaiwi.

Ziara za majumbani zitaendelea. Tumekubaliana na masheha, viongozi wa mitaa, kwamba kila ziara muuguzi mmoja mzoefu afuatane na wanafunzi wawili, wasizidi, maana tukienda kundi zima wenye nyumba wanaona haya kusema.

Ya kwanza ni Kojani. Mashua inaondoka maji yakijaa, na atakayechelewa atatusubiri bandarini. Profesa amesema atakuja, kwa hiyo muulizeni mgonjwa kala nini.