Majibu ya utrasaundi yasiishie kwenye karatasi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie namna wajawazito wanavyopewa majibu ya utrasaundi pale kipimo kinapoonyesha dosari kwa mtoto. Nimekuwa mkunga kwa sehemu kubwa ya maisha yangu, na hata baada ya kustaafu akina mama wa mtaani kwetu bado huniletea karatasi zao niwasomee, kwa sababu zimeandikwa kwa Kiingereza na aliyewapima hakuwaambia zaidi ya kwamba kuna tatizo, waende wakamwone daktari.

Hivi karibuni alinijia binti mwenye mimba ya miezi mitano, ambaye alikuwa ameambiwa kwamba mtoto ana maji kichwani. Usingizi ulikuwa umemwisha, na kwa wakwe zake maswali yalikwishaanza: alikula nini, alimkosea nani. Karatasi yake ilionyesha kwamba nafasi za maji ndani ya ubongo wa mtoto zina upana wa milimita 11. Kwa kawaida upana huo huwa chini ya milimita 10. Ukiwa kati ya 10 na 12, na isionekane kasoro nyingine, watoto walio wengi huzaliwa na kukua vizuri, ingawa ni lazima kipimo kirudiwe baada ya wiki chache ili ijulikane kama unaongezeka. Ukifika 15 au zaidi, hali ni nzito. Hayo yote yangeweza kuelezwa kwa dakika chache, naye hakuelezwa hata moja.

Ndivyo ilivyo pia kwa kondo la nyuma linaloonekana limeshuka karibu na mlango wa kizazi katika mwezi wa tano: mara nyingi hupanda juu kadiri mfuko wa uzazi unavyotanuka, na kipimo cha karibu na miezi minane ndicho kinachoamua kama mama atahitaji upasuaji. Kitovu kilichozunguka shingo nacho huwaogopesha sana wazazi, ilhali sisi wakunga tumezoea kukitoa shingoni wakati wa kuzalisha, na mtoto akalia vizuri.

Sisemi haya ili majibu yapuuzwe. Mgongo wazi unapogunduliwa mapema, mama hupata muda wa kupanga kujifungulia karibu na madaktari wa upasuaji, kwa kuwa kidonda kinatakiwa kufungwa ndani ya siku mbili tatu baada ya kuzaliwa. Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI) huwafanyia upasuaji watoto hao, na wale wenye vichwa vikubwa huwekewa mpira mwembamba wa kushusha maji tumboni. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 2016 kwamba kila mjamzito apate angalau kipimo kimoja cha utrasaundi kabla ya wiki ya 24, lakini faida yake haionekani ikiwa mama anaondoka na hofu tu, bila kujua aende wapi wala lini.

Yapo pia majibu yasiyobadilika hata kipimo kirudiwe, kama vile mtoto ambaye fuvu lake halikuumbika. Wazazi hao wanastahili kuambiwa ukweli kwa upole, wakiwa wamekaa, mlango umefungwa, na si mama peke yake akiwa bado amelala kitandani na mafuta ya kipimo tumboni. Waambiwe pia kwamba si laana wala kosa la mama, na kwamba kabla ya kushika mimba nyingine amwone daktari apewe dozi kubwa zaidi ya asidi ya foliki, kwa sababu uti wa mgongo na ubongo wa mtoto hujifunga katika wiki nne za mwanzo, wakati wanawake wengi hawajajua hata kama ni wajawazito.

Ninachoomba ni hiki: mume au ndugu aruhusiwe kuingia majibu yanapotolewa, na chini ya karatasi yaandikwe kwa Kiswahili yaliyoonekana, tarehe ya kurudia kipimo na jina la hospitali ya rufaa. Waganga wakuu wa mikoa wanaweza kuagiza hivyo sasa bila kusubiri bajeti, kwa kuwa hakuna kifaa kipya kinachohitaji kununuliwa.

Mkunga mstaafu,
Morogoro