Umegundua gari la yadi liliwahi kugongwa? Usilinyooshe kwanza

Wateja wengi hufika gereji kwetu hapa Uyole, Mbeya, wakiwa wameshalipa na kadi imeshabadilishwa jina, ndipo wanagundua gari waliloambiwa halijawahi kuguswa liliwahi kugongwa. Ombi lao huwa moja: linyoosheni haraka. Tunawaomba wasubiri. Ukishalinyoosha na kulipiga rangi, ushahidi umekwisha, na muuzaji atasema umeligonga wewe.

Kwanza tunapima rangi. Ya kiwandani huwa na unene wa maikroni (sehemu za elfu za milimita) 80 hadi 150 hivi. Penye puti, yaani udongo wa kujazia mabonde kabla ya rangi, kipimo hupanda hadi mamia kadhaa, pengine kupita 1,000. Bolti za fenda na boneti zilizofunguliwa huacha alama za spana. Tunainua kapeti la buti, maana kiwanda huchomelea kwa nukta zilizopangika, na mkono wa fundi hauwezi kujificha hapo. Mikanda ya siti nayo ina lebo ya tarehe. Gari la 2010 likiwa na mkanda wa 2015, uliza wa awali ulikwenda wapi.

Taa ya mifuko ya hewa (airbag) ndiyo tunayoikazia macho. Ukifungua swichi inapaswa kuwaka, kisha izime. Isipowaka kabisa, huenda imekatwa makusudi, na hilo linatuudhi kuliko yote: mtu anashuka mlima Kitonga na watoto akiamini mifuko ipo. Rangi mbaya inavumilika. Chesisi iliyopinda, gari likavuta upande ukikanyaga breki mteremkoni, haivumiliki.

Kama lilinunuliwa mnadani Japani, dai karatasi ya mnada, yaani ripoti ya ukaguzi wa gari iliyoandikwa huko. Daraja R au RA ni gari lililowahi kugongwa likatengenezwa. XX kwenye mchoro wa gari ulio katika karatasi hiyo ni kipande kilichobadilishwa. Karatasi ikiwa safi na puti ipo, basi huenda limeumia baada ya mnada.

Tunakuandikia ripoti yenye picha, namba ya chesisi na tarehe. Ipeleke yadi pamoja na barua ya madai: urudishiwe fedha, upunguziwe bei au walipie matengenezo. Soma pia mkataba wako, hasa palipoandikwa "limeuzwa kama lilivyo". Wakikupuuza, Sheria ya Ushindani ya 2003 inakataza kumpotosha mnunuzi, na Tume ya Ushindani, FCC, hupokea malalamiko.

Malipo ya ukaguzi hayahusiani na matengenezo. Ripoti ni yako, hata ukiamua kutengeneza gari kwingine.