Visanduku vya rejeta za kompyuta vinauawa na maji ya kisima

Mhariri,

Twaomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua tuseme na vijana wa Lamu na Malindi wanaojitengenezea visanduku vya rejeta vya kukaa nje ya kompyuta ya mezani, ambamo pampu huzungusha maji yanayobeba joto kutoka kwenye kompyuta hadi kwenye rejeta. Wazo lenyewe lafaa mno kwa pwani. Kompyuta ya kuhariri video inayokula wati 300 humwaga joto hilo lote chumbani, na msimu wa kaskazi chumba chenyewe tayari kina nyuzi 31 au 32. Rejeta ikihamishiwa barazani, joto hufuata maji na kutoka nje. Lakini vingi vya visanduku hivi havimalizi mwaka, na makosa ni yale yale.

La kwanza ni madini. Bamba linalokaa juu ya prosesa (chipu kuu ya kompyuta), ambalo maji hupita ndani yake, ni shaba. Rejeta ya gari la siku hizi, ile inayopatikana kwa bei ya chee kwa wauza vyuma chakavu, ni alumini. Shaba na alumini zikishirikiana maji mamoja, umeshatengeneza betri, na anayeliwa ni alumini. Fungua bamba la mfumo wa namna hiyo baada ya miezi michache: utakuta matope meupe, mazito kama uji uliopoa, yameziba mifereji ambayo ni myembamba kuliko unene wa kadi ya laini ya simu. Pampu inazunguka, maji hayapiti, na prosesa inajizima kwa joto. Sumaku haitakusaidia kutambua, kwa kuwa haishiki shaba wala alumini. Kwangua kidogo kwa ncha ya msumari ndani ya mdomo wa rejeta: shaba itaonyesha wekundu au umanjano, alumini itabaki nyeupe. Twawaomba wauzaji nao waandike madini kwenye lebo. Ni neno moja tu.

Maji ndiyo ya pili, na hapa ndipo panapotuuma zaidi. Maji ya visima vya karibu na ufuo yana chumvi, na chumvi huharakisha ule ulaji wa madini mara nyingi. Hata maji matamu ya Shela, yanayonyweka vizuri, yana madini yanayoganda ndani ya mifereji. Kuyachemsha hakuondoi chumvi, bali huikoleza. Tumia maji ya betri yanayouzwa kwenye vituo vya petroli, ila soma chupa vizuri: unataka maji yaliyotoneshwa (distilled) ya kuongezea betri, si asidi. Nunua lita 5. Rejeta mpya huwa na mabaki ya dawa ya kulehemu ndani, kwa hiyo isukutue kwa maji moto mara tatu au nne, kisha umalizie kwa maji ya betri. Mfumo wenyewe hautachukua zaidi ya lita moja hivi, kwani kila mita ya mpira wenye tundu la milimita 10 hubeba mililita 80 tu.

Sasa kisanduku. Rejeta ya kompyuta ya milimita 360 hubeba feni tatu za milimita 120, na mafundi hukadiria wati 100 kwa kila feni ikiwa unakubali maji yawe na joto la nyuzi 10 hivi juu ya hewa. Kwa wati 300 yatosha. Mwambie seremala akukatie plaiwudi ya milimita 12, kisanduku kiwe na urefu wa sentimita 52 kwa ndani, kimo 14 na kina 15. Rejeta huchukua sentimita 40 za urefu, na zile 12 zilizobaki ni chumba cha pampu na tangi. Kipake vanishi ndani na nje, hasa kwenye kingo zilizokatwa, ambako unyevu huingilia.

Feni zikae ndani, zikisukuma hewa kupitia rejeta kwenda nje. Upande wa pili uache tundu lisilopungua sentimita 12 kwa 36, na pawe na angalau sentimita 6 kati yake na feni. Lizibe kwa wavu wa kuku. Wavu wa mbu hukaba hewa, na ukijaa vumbi la chumvi ni kama umefunga mlango, kwa hiyo ukilazimika kuutumia, ongeza tundu mara mbili. Kisha bandika ukanda wa sponji kuzunguka rejeta yote inapogusa mbao. Wengi huuacha huo ukanda. Pasipo nao, hewa ya moto hurudi ndani kupitia nyufa, feni zikavuta joto lile lile, na mtu akadhani anahitaji rejeta kubwa zaidi.

Skrubu za kufungia feni nazo zimetoboa rejeta nyingi. Feni ina unene wa milimita 25, basi skrubu iwe ya milimita 30. Ipitishe kwenye feni tupu, pima kwa rula ncha iliyotokeza: milimita 5, basi. Ya 35 hufika kwenye njia ya maji, na tundu hilo huligundui hadi ujaze.

Mipira itumike ile myeusi ya EPDM (aina ya mpira wa kutengenezwa kiwandani), tundu milimita 10 na upana wa nje 16. Ile inayoonyesha maji ndani hupitisha jua na kuotesha mwani wa kijani. Ipitishe kwenye mbao za dirisha. Mji wa kale wa Lamu umo kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2001, na kutoboa ukuta wa mawe yake si jambo la mtu kujiamulia.

Pampu ya aina ya D5, muundo maarufu wa pampu za kupoza kompyuta, inayokula wati 23 ikienda kasi kabisa, ina nguvu za kutosha. Maji yakipita lita 2 kwa dakika, wati 300 huyapandisha nyuzi 2 tu, kwa hiyo pampu kubwa zaidi ni pesa za bure. Tangi liwe juu ya pampu, na pampu isiwashwe kavu hata kwa sekunde chache, maana maji ndiyo yanayolainisha mzunguko wake. Umeme wake utoke kwenye pawa saplai (kifaa kinachogawa umeme) ya kompyuta yenyewe. Ikiwa na adapta yake, siku mtu atakapoichomoa achaji simu, kompyuta itaendelea kuwaka bila maji kutembea.

Kujaza: chomoa plagi ya pini 24 ya pawa saplai kutoka kwenye ubao mama (ubao mkuu unaobeba prosesa), unganisha waya wa kijani na mweusi kwenye plagi hiyo, na pampu itafanya kazi peke yake. Weka karatasi laini nyeupe chini ya kila kiungo, iache izunguke saa 24. Kisanduku kikiwa chini ya kompyuta, usifungue kifuniko cha tangi ovyo, kwani maji ya juu yatashuka na kufurika.

Wapo wanaotia barafu kwenye tangi. Hewa ya nyuzi 30 yenye unyevu wa asilimia 75 hutoa umande kwenye kitu chochote kilicho chini ya nyuzi 25. Bamba litatoka jasho, na jasho hilo litadondokea ubao mama.

Elekeza upande wa kutolea hewa mbali na upepo, na kusi likiingia ugeuze kisanduku, la sivyo feni zitapigana nalo. Kila mwezi piga brashi laini kwenye vibati vya rejeta, maana chumvi hunyonya unyevu na kuviweka vibichi hata kivulini.

Mwisho, dawa ya kuzuia kutu inayotiwa kwenye maji. Ile ya rejeta za gari mara nyingi ni ethilini glikoli, sumu yenye ladha tamu. Mji wetu una paka kila kichochoro, na kijiko kimoja kilichomwagika barazani chatosha kumuua paka. Watoto nao huonja. Tafuta yenye propilini glikoli, na ukimwaga yoyote, safisha papo hapo kwa maji mengi.

Mafundi wa kompyuta,
Langoni, Lamu