Sifuri halisi haikuzaliwa Paris

Ndugu Mhariri,

Makala yenu kuhusu tabianchi, yenye jedwali la nchi na mwaka ambao kila moja imeahidi kufikia sifuri halisi, yaani kutotoa gesijoto (gesi zinazoipasha dunia joto) nyingi kuliko zinazoondolewa angani, inasema lengo hilo lilibuniwa na wanasiasa mjini Paris mwaka 2015. Naomba kupinga. Maneno hayo hayamo hata katika Mkataba wa Paris. Kifungu cha 4 kinataja uwiano kati ya gesijoto anazozalisha binadamu na zile zinazoondolewa angani, ufikiwe katika nusu ya pili ya karne hii. Na wazo lenyewe wajumbe walilikuta limeshaiva.

Awali hesabu ilikuwa nyingine. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa tabianchi wa mwaka 1992 ulitaka kiasi cha gesijoto angani kitulie katika kiwango kisicho hatari, na mjini Kyoto, Japani, mwaka 1997, nchi zenye viwanda zikapangiwa kupunguza kwa wastani wa asilimia 5 hivi. Ilikuwa rahisi kuamini kwamba tukipunguza kidogo tu, joto nalo litatulia. Mwaka 2008 wanasayansi Damon Matthews na Ken Caldeira wakaonyesha kwamba halitulii hivyo. Ili likome kupanda, hewa ukaa (gesijoto kuu, itokanayo hasa na kuchoma makaa, mafuta na gesi) tunayotoa sharti ikaribie sifuri. Mwaka uliofuata mwanasayansi Myles Allen na wenzake wakalieleza jambo hilo kwa lugha ambayo mhasibu yeyote angeielewa. Kwa kuwa sehemu ya hewa ukaa hubaki angani karne na karne, joto hufuata jumla ya yote yaliyotolewa tangu viwanda vianze. Walikadiria kwamba tani trilioni 1 za kaboni zingeongeza joto kwa nyuzi 2 za Selsiasi hivi, na karibu nusu ya tani hizo zilikuwa zimeshatoka.

Jumla, Mhariri. Neno hilo ndilo lililopotea njiani. Ripoti ya mwaka 2018 ya IPCC, jopo la wanasayansi wa tabianchi la Umoja wa Mataifa, ilisema kwamba ili ongezeko la joto lisipite nyuzi 1.5, hewa ukaa ipungue kwa asilimia 45 hivi ifikapo 2030, ikilinganishwa na 2010, kisha ifike sifuri halisi karibu na 2050. Serikali nyingi zikaidaka 2050. Uingereza ikaiweka katika sheria mwaka 2019. China ikaja na 2060, India na 2070. Tarehe zikageuka ndiyo habari yenyewe.

Chukueni nchi mbili zinazotoa kiasi sawa mwaka 2025, na zote zinafika sifuri mwaka 2050. Moja inapunguza kidogo kidogo kila mwaka. Nyingine haigusi kitu hadi 2045, kisha inashuka kwa kasi. Hiyo ya pili itakuwa imetoa karibu mara mbili ya mwenzake, ingawa katika jedwali lenu zote zimeandikwa 2050.

Tafsiri nayo haikusaidia. Msomaji akisikia “halisi” hudhani ni sifuri ya kweli, kumbe ni “halisi” ile ya uzito halisi kwenye pakiti: kinachobaki ukishaondoa uzito wa pakiti yenyewe. Nchi inaweza kuendelea kuchoma makaa na bado ikajiita sifuri, mradi ionyeshe misitu au mitambo inayoondoa kiasi hichohicho. Je, misitu hiyo ikiungua?

Mkichapisha jedwali hilo tena, ongezeni safu mbili: lengo linahusu hewa ukaa pekee au pamoja na gesijoto nyingine kama methani, na nchi itakuwa imetoa tani ngapi kabla ya mwaka huo kufika.

Msomaji wenu