Risala ya Wahudumu wa Dharura na Madereva wa Magari ya Wagonjwa kwa Mgeni Rasmi, Hafla ya Kutambua Utumishi Uliotukuka, Dar es Salaam

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mganga Mfawidhi wa hospitali yetu,
Viongozi wa dini na wa serikali za mitaa,
Wazee wetu wastaafu,
Familia za watumishi wanaotunukiwa leo,
Mabibi na mabwana, itifaki imezingatiwa.

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetujalia uzima na kutukutanisha jioni hii. Pili, tunakushukuru wewe, Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kwa kukubali mwaliko wetu. Ukumbi huu umejaa watu ambao wananchi wamezoea kuwaona mgongoni tu, wakikimbia na machela kuelekea mlango wa dharura. Leo umekuja kuwaona usoni.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, wastaafu waliokaa meza ya mbele wanaikumbuka vizuri Agosti 7, 1998, bomu lilipolipuka ubalozi wa Marekani hapa jijini na kuua watu 11. Wanatusimulia majeruhi walivyofikishwa hospitali kwa teksi, kwa magari ya mizigo, kwa chochote chenye magurudumu. Yakaja mabomu ya Mbagala mwaka 2009 na ya Gongo la Mboto mwaka 2011. Katikati ya misiba hiyo miwili, mwaka 2010, Muhimbili ilifungua idara kamili ya magonjwa ya dharura, na mwaka huohuo chuo kikuu cha MUHAS kikaanza kuwasomesha madaktari bingwa wa fani hiyo. Hatua ile imeokoa watu wengi, nasi tunajivunia kufanya kazi na waliotoka pale. Lakini daktari bingwa anamhudumia mgonjwa aliyemfikia. Kumfikisha akiwa hai ndiyo kazi ya hawa unaowaona hapa, na ndicho tulichokuja kukisemea.

Naomba nieleze tukio moja, maana wawili kati ya watakaopanda jukwaani leo walikuwemo.

Rufaa ilipitia namba 115, ile ya M-Mama, mfumo wa usafiri wa dharura kwa wajawazito na vichanga. Mama mjamzito alikuwa anatolewa kituo cha afya upande wa Gongo la Mboto, uchungu umechachamaa. Gari likakwama Barabara ya Nyerere, pale ujenzi wa mwendokasi ulipokuwa umebana njia, na mtoto hakusubiri foleni iishe. Muuguzi wetu alimpokea akiwa amepiga magoti kwenye sakafu ya gari. Mtoto hakulia. Akamkausha kwa khanga ya mama, akamsugua mgongo, kimya. Akakata kitovu, akamlaza, akakiweka kichwa sawa, akambana kinyago puani na mdomoni, akaanza kuminya mfuko wa kupumulia.

Wakunga wanaijua dakika ile, wanaiita dakika ya dhahabu. Mtoto asiyepumua anatakiwa awe ameanza kusaidiwa kabla haijaisha, kwa pumzi 40 hadi 60 kila dakika. Ukichelewa, ubongo unaanza kuumia. Dereva naye aliegesha pembeni, kwani kinyago hakikai usoni pa kichanga gari likiruka mashimo. Akaja nyuma, akamulika kwa tochi ya simu, mkono mwingine begani kwa mama: "Vumilia mama yangu, dada yuko naye." Hakuna aliyemfundisha chuoni kusema vile. Mtoto alipolia, muuguzi hakupumzika, akahamia kukanda tumbo la mama kuzuia damu, na gari likaondoka tena.

Mama huyo tumemwalika. Yuko mstari wa tatu na mwanawe.

Tunawakumbuka pia wenzetu walioshinda na kukesha Kariakoo Novemba 2024, ghorofa lilipoporomoka tarehe 16, pamoja na askari wa Zimamoto na wananchi waliokuwa wakichimba kwa mikono. Waliokuwa wamefukiwa walipelekewa oksijeni, maji na glukosi wakiwa bado chini ya zege. Kazi ile ilikuwa ya watu wengi, na wengi wao hawakuwa wamevaa sare yoyote.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, wengi wetu tuliajiriwa kwa barua ya uuguzi, ya uhudumu wa afya au ya udereva. Dereva anayejua kufunga jeraha linalotoa damu na kumtuliza mwenye hofu anapandishwa daraja kwa kipimo kilekile cha dereva wa gari la ofisi. Tunaomba utusemee huko juu: huduma ya mgonjwa njiani iwe na kada yake, mafunzo yake na muundo wake wa utumishi. Hili ndilo ombi letu kubwa kuliko yote, na vyeti vya leo, pamoja na thamani yake kwetu, havitaliziba.

Lipo la barabarani. Sheria ya Usalama Barabarani inamtaka dereva apishe king'ora, lakini wapo wanaokaza bila kusogea, na wapo wanaofuata nyuma yetu ili watoke kwenye foleni. Tunaomba askari wa usalama barabarani wawe wakali kwa hilo.

Vijana wa bodaboda ndio wanaofika kwanza kwenye ajali, tena mara nyingi majeruhi ni mwenzao. Wanambeba juujuu, miguu huku, mabega kule, wakamtia kwenye bajaji. Nia yao ni njema kabisa, lakini shingo iliyovunjika haivumilii kubebwa hivyo. Tuko tayari kuwafuata vijiweni tuwafundishe kukandamiza jeraha, kutomkunja shingo majeruhi na kupiga 112 mapema. Tunachohitaji ni nauli, glovu na vifaa vya kufundishia. Na tukiwa huko, tungependa wananchi wasikie kwa sauti ya kiongozi kama wewe kwamba mgonjwa wa dharura anatibiwa kwanza, PF3, ile fomu ya polisi, inafuata. Woga wa fomu hiyo unawafanya watu wema wapite bila kusimama.

La mwisho tunalisema kwa uzito. Si kila safari iliishia kwa kilio cha mtoto. Kuna usiku mtumishi anaosha damu kwenye sakafu ya gari, sabuni haijakauka, simu nyingine imeita. Tunaomba huduma ya unasihi kwa watumishi hawa, na chanjo ya homa ya ini B kwa kila anayegusa machela, dereva akiwemo.

Kwa ruhusa yako, sasa yatasomwa majina ya watunukiwa, tukianza na madereva, nawe tunakuomba uwakabidhi vyeti vyao mbele ya familia zao.

Kwa heshima na taadhima, naomba kuwasilisha.