Risala ya Wazazi, Walimu na Vijana wa Kuresoi kwa Mgeni wa Heshima: Faiba Isiishie Barabarani

Mheshimiwa mgeni wetu wa heshima, chifu, mwalimu mkuu, wanakamati, wazazi wenzetu na wanafunzi wapendwa, itifaki ikizingatiwa.

Karibu Kuresoi, Mheshimiwa. Barabara umeiona mwenyewe, na siku nyingine tungeanzia hapo. Leo tuna jambo moja tu la kukuomba, nalo ni intaneti.

Nyuma ya madarasa ya gredi ya 7 kuna tangi la maji juu ya jukwaa la mawe. Jioni, mwalimu anayeshughulikia tathmini hupanda hapo na kipakatalishi chake, kwa kuwa ndipo pekee mtandao unaposhika. Alama za wanafunzi sharti zifike kwenye tovuti ya KNEC, baraza la mitihani la taifa, kabla ya tarehe ya mwisho. Huiweka simu juu ya kifuniko cha tangi, akaiunganisha na kipakatalishi, akajaza safu nzima ya alama, akabonyeza. Ukurasa unazunguka, unazunguka, kisha unamrudisha mwanzo na alichojaza kimefutika. Mvua ikianza hushuka. Bando hulinunua kwa pesa zake. Mwalimu huyo yupo nasi hapa, na tunamshukuru mbele yako.

Vishikwambi vilivyoanza kuletwa shuleni mwaka 2016 vimefungiwa kabatini. Watahiniwa waliomaliza kidato cha nne hulazimika kupanda matatu hadi Molo, wakapange foleni kwenye saiba, duka la kukodisha intaneti, ili wachague kozi za vyuo kupitia KUCCPS, shirika linalowapangia wanafunzi nafasi za vyuo. Zahanatini ni uchungu zaidi: tangu Oktoba 2024 matibabu ya bima yamehamia SHA, Mamlaka ya Afya ya Jamii, na kumsajili au kumthibitisha mgonjwa kunahitaji intaneti. Mama aliyebeba mtoto mwenye homa anaambiwa angoje mtandao urudi. Mkulima naye akipiga picha ya majani ya viazi yaliyoungua ili afisa wa kilimo ayaone, picha hukwama hadi usiku wa manane.

Mheshimiwa, kasi hii ndogo ya intaneti si majaliwa ya milimani. Nyaya za baharini za TEAMS na SEACOM zilifika Mombasa mwaka 2009, na faiba ya serikali, yaani waya wa intaneti ya kasi, ikasambazwa hadi makao makuu ya kaunti. Nakuru mjini wanaifaidi. Sisi tumebaki na mnara mmoja wa simu unaogawanywa na vijiji vingi, na kila anayeuingia humpunguzia mwenzake. Tumekuwa kama mwenye nyumba ambaye bomba la maji linapita langoni kwake naye anachota mtoni. Kampuni hazifiki kwa sababu wateja wametawanyika na kuchimba mtaro ni ghali kuliko waya wenyewe. Hilo tunalielewa. Ndiyo maana sheria iliweka Mfuko wa Huduma kwa Wote, unaochangiwa na kampuni za mawasiliano kutoka kwenye mapato yao, ili pesa hizo ziende pale biashara isipotaka kwenda. Mfuko huo umeshaunganisha mamia ya shule za sekondari nchini. Lakini gredi ya 7 hadi ya 9 wanasomea ndani ya shule za msingi kama hii yetu, na hawa wasisahaulike.

Kuhusu kuchimba, tuko tayari. Huko Lancashire, kaskazini mwa Uingereza, wanavijiji walianzisha B4RN, mtandao wa faiba wa jamii, mwaka 2011 baada ya kuchoka kungoja. Wakulima waliruhusu waya upite mashambani mwao bila malipo, majirani wakashika majembe, na leo nyumba zao zina kasi ya gigabiti 1 kwa sekunde. Na kwetu Kenya, Mamlaka ya Mawasiliano imekuwa na utaratibu wa leseni kwa mitandao inayomilikiwa na jamii tangu 2021. Wenzetu wa Lanet Umoja, katika kaunti hii hii ya Nakuru, wameanza.

Kwa hivyo tunaomba haya. Utufikishie ombi letu kwa wasimamizi wa Mfuko, shule na zahanati ziandikwe kwa pamoja. Uzungumze na kaunti itusamehe ada ya kupitisha nyaya kando ya barabara, na utuulizie kama waya unaweza kubebwa na nguzo za umeme ambazo tayari ziko. Serikali iliahidi vituo 1,450 vya kidijitali, kimoja kwa kila wadi. Kaunti yetu ina wadi 55, nasi tunaomba cha kwetu kijengwe penye faiba, kisije kikawa chumba chenye kompyuta zisizo na mtandao. Na watakaokuja kuunganisha wapime kasi mbele yetu, saa mbili usiku, wakati kila mtu yuko kwenye simu.

Katibu wetu ana orodha ya wenye mashamba waliotia sahihi kwamba mtaro upite kwao bure, pamoja na mchoro wa njia kutoka barabara kuu hadi hapa. Tunaomba uipokee sasa mbele ya wazazi, na utuambie ni afisa gani tutakayemfuata wiki ijayo.

Ahsante, Mheshimiwa.

Ni sisi wazazi, walimu na vijana wa Kuresoi.