Barua ya Wazi kwa Mpwa Wangu Anayeandika Tasnifu

Mpwa wangu,

Baada ya salamu za nyumbani, nimeisoma rasimu yako juu ya rangi na ukoloni, na nimependezwa na jinsi ulivyowachambua Du Bois, C. L. R. James na George Padmore, waandishi weusi wa Marekani na visiwa vya Karibi. Hata hivyo, Mombasa katika kurasa zako ni mji uliotawaliwa tu. Husemi kwamba watu wake nao waliutafakari utawala huo na kuandika juu yake, tena kwa Kiswahili.

Mwaka 1932 Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alikuwa akitoa hapa gazeti la Al-Islah, kwa Kiswahili na Kiarabu, akiwakemea Waislamu wa pwani kwa kuwaiga Wazungu katika mienendo huku wakiipuuza elimu. (Mwanawe, Profesa Ali Mazrui, umemtaja kwa sababu alifundisha Marekani; baba hukumtaja kabisa.) Mwaka 1934 kikatoka Uhuru wa Watumwa cha James Mbotela, aliyetokana na jamii ya Frere Town, kijiji kilichoanzishwa na wamisionari wa Kianglikana mwaka 1875 kwa ajili ya watumwa waliokombolewa. Mbotela anawashukuru Waingereza, na shukrani hiyo huwaudhi wasomi wengi wa leo, ambao humwona kama kibaraka na kukifunga kitabu chake upesi.

Mimi naona wanakosea. Utumwa ulifutwa kisheria katika pwani yetu mwaka 1907, na miongoni mwa waliokuwa wakimiliki watumwa walikuwa koo kubwa za hapa, ukoo wa Mazrui ukiwemo, jambo ambalo wazee wetu hawapendi lizungumzwe barazani. Kwa hiyo yule aliyemwona Mwingereza kuwa mharibifu wa maadili na yule aliyemwona kuwa mkombozi walikuwa wakitazama dola moja kutoka pande mbili za historia moja. Mstari wa rangi alioueleza Du Bois, yaani mpaka unaowatenga weusi na weupe, hautoshi kuwaeleza wawili hawa, kwani hapa nasaba, dini na hadhi ya muungwana viliwagawa watu kabla bendera ya Uingereza haijapandishwa, na serikali ya kikoloni ikaja kuyakazia magawanyiko hayo kwa sheria za kodi na uwakilishi.

Ningekushauri sura ya pili ianze na maandishi haya mawili, yasomwe kwa kukabiliana, na Du Bois aje baadaye kuulizwa maswali yanayotokana nayo. Msimamizi wako akilalamika kwamba hayo ni mambo ya dini na misheni, mpe kitabu cha Mbotela akisome kwanza. Ni kitabu chembamba.

Mjomba wako, Mombasa